Kamera ya lupango isiyoonyesha picha za jana ni pambo la ukuta

Pita leo katika kartie yoyote ya Lubumbashi, iwe Golf, Bel-Air au ndani ya komini ya Kampemba, utaona kamera juu ya milango ya lupango. Zamani zilikuwa za mabenki, makampuni ya madini na nyumba za watu wakubwa. Siku hizi mwenye butiki ya unga anayo, mwenye famasi anayo, na mwalimu aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali anayo pia. Watu wamechoka na wezi wanaoruka ukuta usiku, na kwa dola chache fundi anakuja na kamera 4, boksi la kurekodi na waya, kisha anaondoka jioni akiacha familia inalala na amani.

Siwalaumu wanaonunua. Ninacholalamikia ni kwamba tunanunua kamera kama tunavyonunua kufuli: ukishaiweka mlangoni, umemaliza. Kufuli ukilifunga unajua limefunga. Kamera inaweza kuwasha taa yake nyekundu mwaka mzima, ikaonyesha picha nzuri kwenye televisheni ya sebuleni, na bado siku unapohitaji picha za usiku uliopita usipate kitu. Au unapata faili ambalo halifunguki. Au linafunguka, lakini saa iliyoandikwa juu yake si ya kweli.

Msimamo wangu ni huu: mtu yeyote asimlipe fundi wa kamera kabla ya kuonyeshwa, mbele ya macho yake, picha zilizorekodiwa jana, zikiwa zimenakiliwa kwenye flashi na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Na polisi asimfunge mtu kwa sababu ya video kabla ya kuuliza mashine iliyoirekodi ilikuwa inaonyesha saa ngapi. Najua kuna watakaosema haya ni mambo madogo ya mafundi. Wasome kwanza yaliyompata sentineli mmoja.

Saa ya mashine inapodanganya

Katika kartie moja ya mji wetu, wezi waliingia katika lupango usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kama saa 02:00. Walichukua televisheni, betri za sola na pesa. Asubuhi baba wa nyumba alifungua boksi la kamera, akatafuta saa 02:00 ya Jumatano. Picha zilikuwepo. Zilimwonyesha sentineli anafungua mlango mdogo, anatoka nje, na anakaa huko zaidi ya dakika 30. Giza lilikuwa giza, sura ilikuwa yake, saa ilikuwa imeandikwa pale juu pembeni. Ushahidi gani tena ulihitajika? Sentineli alipelekwa polisi na akalala kasho siku tatu. Alisema na kurudia kwamba alitoka saa 20:00 kununua mkate, kama kila jioni, na mama wa nyumba anajua. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu kamera haina ndugu wala adui.

Aliyefumbua jambo hilo ni kijana mmoja wa jirani anayesoma mambo ya kompyuta. Hakufanya maajabu. Aliomba kuona picha za asubuhi ya siku hiyohiyo, akaona kwamba kwenye mashine jua linachomoza karibu saa 12:00 mchana. Boksi lile lilikuwa bado na saa ya China, kule lilikotengenezwa. Lubumbashi iko saa 2 mbele ya saa ya dunia, China iko saa 8 mbele. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo 02:00 ya mashine ilikuwa 20:00 ya kweli, saa ya mkate. Na picha za wezi zilikuwepo, zimeandikwa 08:00 ya Jumatano, saa ambayo hakuna aliyefikiri kuitafuta. Sentineli aliachiliwa. Kazini hakurudi, na sioni nani angemlaumu kwa hilo.

Tukio hili linafundisha mambo mawili. Kwanza, mara nyingi watu wanaposema "kamera haikurekodi", ilirekodi vizuri, ila wanatafuta kwenye saa au tarehe isiyo yake. Boksi nyingi zina betri ndogo ya duara ndani, kama ile ya saa ya mkononi, inayolinda saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika mashine inaweza kurudi kwenye tarehe ya zamani, mara nyingi mwaka 2000 au 1970. Ukitafuta wizi wa juzi, kumbe umehifadhiwa chini ya mwezi wa kwanza mwaka 2000. Kabla ya kukata tamaa, fungua kalenda ya mashine urudi nyuma kabisa, na uende mbele pia.

Pili, nchi yetu ina saa mbili rasmi. Kinshasa iko saa 1 nyuma ya Lubumbashi. Fundi anayechagua "Kinshasa" kwenye orodha ya miji, kwa sababu ndilo jina la Congo analoliona pale, anaiacha kila video ya Katanga ikiwa na kosa la saa nzima. Saa moja inatosha kumweka mtu asiye na hatia mahali pa wizi, na inatosha kumtoa mwizi. Dawa yake ni rahisi: simama mbele ya kamera ukiwa umeshika telefoni yako inayoonyesha saa, kisha tafuta picha hiyo kwenye rekodi na ulinganishe. Ni kazi ya dakika 5.

Umeme unakatika, faili linabaki wazi

Tunaishi katika mkoa ambao laini kubwa ya umeme ya Inga–Kolwezi inafika, kilomita kama 1.700 kutoka magharibi, na bado katika kartie nyingi hakuna anayeshangaa moto ukiondoka mara kadhaa kwa siku. Kila ukatikaji ni pigo kwa rekodi, na hapa inafaa kueleza jinsi kazi inavyofanyika ndani ya boksi.

Video ni kama kitabu kinachoandikwa ukurasa baada ya ukurasa. Katika aina ya faili inayotumika sana, ile ya MP4, mashine huandika kurasa zote kwanza, na mwishoni, wakati wa kufunga, inaandika orodha inayosema kila ukurasa uko wapi. Umeme ukikatika kabla ya kufunga, kurasa zipo lakini orodha haipo. Ndiyo sababu unaweza kukuta faili lenye uzito wa giga nzima ambalo kila programu inakataa kulifungua. Watu hulifuta wakidhani ni takataka. Wasilifute. Zipo programu za kutengeneza faili la namna hiyo, na nyingi zinahitaji kupewa video nyingine nzima kutoka kamera ileile, iliyorekodiwa kwa mpangilio uleule, ili zijifunze kurasa zinapangwa vipi. Kwa hiyo faili bovu na faili zima vyote vitunzwe.

Lakini kutibu ni kazi ngumu kuliko kuzuia. Boksi la kamera 4 halili umeme mwingi, mara nyingi ni chini ya balbu moja ya zamani. Onduleri ndogo au betri ya volti 12 inaweza kulishikilia kwa saa kadhaa pamoja na kamera zenyewe. Na hapa niseme wazi: wezi wetu si wajinga, wanapenda giza. Familia inayotumia dola 200 kwa kamera na kukataa kuongeza betri inarekodi mchana, wakati watu wote wako macho, na inakosa usiku. Mwenye pesa kidogo ni heri anunue kamera 2 na betri kuliko kamera 4 zinazolala kila moto ukiondoka.

Kadi za bei rahisi

Kuna wale ambao hawana boksi. Wamenunua kamera moja ya wifi inayotumia kadi ndogo ya memori, ile ya telefoni. Hapa matatizo ni mengi zaidi, na mengine yanaanzia sokoni.

La kwanza ni kadi za uongo. Kadi imeandikwa giga 256, bei yake inakaribia ya giga 16, na ukiiweka kwenye kompyuta inasema kweli ni giga 256. Kumbe ndani ina giga 32 tu, na imetengenezwa ili idanganye. Kamera inaandika mpaka giga 32 zijae, halafu inaendelea kuandika mahali pasipokuwepo. Majina ya video yanaonekana kwenye orodha, tarehe zinaonekana, ukubwa unaonekana, lakini ukigusa hakuna kinachofunguka, au picha inavunjika katikati. Mwenye kamera anailaumu kamera. Kuna programu za bure zinazojaza kadi yote na kuisoma tena ili kujua ukubwa wake wa kweli: H2testw kwa kompyuta za Windows, F3 kwa Linux na Mac. Muuzaji mwaminifu angeikubali jaribio hilo mbele ya mteja. Anayekataa, mwache na kadi yake.

La pili ni kuchoka. Kadi ya telefoni imetengenezwa kuhifadhi picha za harusi na nyimbo, si kuandikwa na kufutwa usiku na mchana mwaka mzima. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, na zinauzwa kwa jina hilo. Bei yake iko juu kidogo, lakini zinadumu. Hivyo hivyo kwa diski ya boksi: diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi itafanya kazi miezi michache, halafu siku moja utaona mstari wa rekodi una mapengo ambayo hakuna anayeweza kuyaeleza. Makampuni makubwa ya diski yana aina maalumu kwa ajili ya kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Muulize fundi ni ipi ameweka, na mwambie afungue boksi uione.

La tatu ni namna kadi ilivyotayarishwa. Kamera nyingi za bei ndogo zinasoma kadi ya mpangilio wa FAT32 tu. Kadi ya giga 64 na zaidi kwa kawaida inatoka dukani na mpangilio mwingine. Kamera inaikubali nusu nusu, inarekodi leo, kesho inaikataa. Kabla ya kuanza kuitumia, itayarishe kadi ndani ya kamera yenyewe, kwenye menyu yake, si kwenye kompyuta. Lakini fanya hivyo siku ya kwanza, wakati kadi haina kitu. Kamera ikikuomba "kuformati" kadi siku ya pili baada ya wizi, kataa.

Faili lipo, kompyuta hailisomi

Tuseme picha zipo, saa ni sahihi, umeme haukukatika. Umenakili kwenye flashi, umepeleka kwa mwanasheria au polisi, na kompyuta ya pale inaonyesha kioo cheusi. Wengi hapa wanaambiwa "video yako imeharibika". Mara nyingi haijaharibika hata kidogo.

Kamera za sasa zinabana picha kwa lugha inayoitwa H.265 ili zisile nafasi kubwa ya diski. Ile ya zamani ni H.264. Kompyuta ya miaka mingi iliyopita inaielewa ya zamani na kushindwa ile mpya: inatoa sauti bila picha, au picha inayoruka kama chura. Kabla ya kuhukumu faili, lifungue kwa VLC, programu ya bure inayosoma karibu kila kitu. Ikishindikana, angalia mwisho wa jina la faili. Boksi za kampuni fulani haziandiki MP4 bali namna yao wenyewe; kwa mfano zile za Dahua hutoa faili linaloishia na .dav, ambalo linafunguka vizuri kwa programu ya kampuni hiyo. Wakati wa kunakili, boksi nyingi zinakupa nafasi ya kuchagua namna ya faili, au kuweka na programu ya kuangalia kwenye flashi hiyohiyo. Chagua vyote viwili kama vipo. Hujui kompyuta ya OPJ ni ya mwaka gani.

Flashi nayo ina mipaka yake. Ikiwa imetayarishwa kwa FAT32 haibebi faili moja linalozidi giga 4, hata kama yenyewe ni ya giga 64. Kunakili saa 10 kwa mkupuo kunaishia njiani. Nakili saa moja moja, na usichomoe flashi kabla mashine haijasema imemaliza. Nimeona watu wakichomoa mara tu mstari unapofika mwisho, na wanachobeba ni jina la faili bila faili.

Kuna pia hali ya picha kukwamakwama unapoangalia rekodi kwenye telefoni ukiwa mbali. Hapo usiguse kitu kwenye kamera kwanza. Picha kubwa inapita kwa shida kwenye intaneti yetu. Chagua picha ndogo kwenye programu ya telefoni, au nenda uangalie kwenye boksi lenyewe. Ikiwa kwenye boksi picha inatembea vizuri, tatizo ni mtandao. Ikikwama hata kwenye boksi, chunguza diski, waya na umeme wa kamera. Mpangilio huu unaokoa pesa nyingi, maana fundi asiye mwaminifu atakuuzia kamera mpya kwa ugonjwa wa intaneti.

Saa za kwanza baada ya wizi

Boksi la kamera halihifadhi milele. Likijaa linafuta ya zamani na kuandika mpya juu yake. Tupige hesabu. Kamera 4, kila moja ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, zinaandika mega 1 kila sekunde. Siku ina sekunde 86.400, kwa hiyo ni giga 86 kwa siku. Diski ya giga 500 inajaa katika siku zisizofika 6. Diski ya tera 1 inafika siku 11 hivi. Familia inayotoka msibani au safarini Likasi baada ya wiki moja na kukuta mlango umevunjwa inaweza kuwa tayari imechelewa, na kila saa boksi linavyoendelea kufanya kazi linakula ushahidi mwingine.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi. Zima kurekodi, au kama hujui, nakili mara moja yale masaa unayoyahitaji, na saa chache kabla na baada. Usiformati kitu chochote. Usimruhusu mtu "kutengeneza" mashine kwa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kama ni kadi, itoe kwenye kamera na uweke nyingine. Hata picha zilizofutwa kwenye kadi zinaweza kurudishwa mara nyingine kwa programu za bure kama PhotoRec, lakini ikiwa tu hakuna kilichoandikwa juu yake. Piga picha ya kioo cha boksi kikionyesha saa yake, pamoja na telefoni yako ikionyesha saa ya kweli, ndani ya picha moja. Na faili la kwanza kabisa, lile lililotoka kwenye boksi, lisiguswe; fanyia kazi nakala yake.

Jambo la mwisho hapa ni zito. Usikimbilie kuitupa video kwenye makundi ya WhatsApp. Kwanza, WhatsApp inaibana video na kupunguza ubora wake, na sura iliyokuwa inatambulika inakuwa doa. Pili, tunaujua mji wetu. Sura yenye ukungu ikizunguka asubuhi na maneno "huyu ndiye mwizi", jioni inaweza kumkuta kijana anayefanana naye, na umati haungoji kuuliza saa ya mashine. Mtu akishachomwa, hata picha nzuri namna gani haimrudishi.

Fundi, muuzaji na polisi

Watu watasema: kamera kazi yake ni kuwatisha wezi, hata isiporekodi. Naelewa hoja hiyo, na kwa mwizi mgeni inaweza kuwa kweli. Lakini wizi mwingi unafanywa na watu wanaoijua nyumba, au wanaojulishwa na anayeijua. Huyo anajua pia kwamba boksi limekufa tangu mwaka jana. Na kamera inayoaminiwa bila kurekodi vizuri ina hatari ambayo ukuta mtupu hauna: inawafanya watu wawe na uhakika wa jambo la uongo. Sentineli wetu hakufungwa kwa kukosa kamera. Alifungwa kwa sababu kamera ilikuwepo na haikuwekwa sawasawa.

Wengine watasema tatizo ni elimu ya wenye nyumba. Sehemu ni kweli, lakini tusiwatwike mzigo wote. Mama anayeuza makala hatakiwi kujua H.265 ni kitu gani, kama ambavyo hatakiwi kujua injini ya basi linalompeleka sokoni. Aliyelipwa ndiye anayetakiwa kujua. Fundi anapomaliza kazi, aache karatasi yenye mambo matano: neno la siri la mashine, siku ngapi zinahifadhiwa, aina ya diski, tarehe aliyolinganisha saa, na jinsi ya kunakili. Leo mafundi wengi wanaondoka na neno la siri kichwani mwao. Mteja akitaka kuona picha za nyumba yake mwenyewe, anampigia fundi simu, fundi yuko Kolwezi, na atakapofika diski itakuwa imeshajiandika upya. Hiyo si huduma, na mteja asikubali kuiita hivyo.

Kwa upande wa polisi na parokee, sheria haiko kimya tena. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nchi ina Kanuni ya Numeriki, Ordonansi-Sheria nambari 23/010, inayogusa ushahidi wa kielektroniki na ulinzi wa habari za watu. Lakini kanuni iliyoandikwa Kinshasa inahitaji mazoea katika ofisi ya kartie. OPJ anayepokea video aandike ndani ya PV mambo mawili tu: mashine ilikuwa inaonyesha saa ngapi wakati saa ya kweli ilikuwa ngapi, na nani alinakili faili, siku gani. Mistari miwili. Hayahitaji mradi wala mfadhili, na yangemwepusha mtu na siku tatu za kasho. Wanasheria nao waulize hilo kabla ya swali lingine lolote video inapoletwa.

Na wewe unayesoma, usingoje wizi wala karatasi ya fundi. Jioni hii, kabla ya chakula, nenda kwenye boksi lako au fungua kadi ya kamera yako. Tafuta jana, saa 02:00 ya usiku. Kama picha ipo, angalia kama jua linachomoza saa inayotakiwa. Nakili dakika 5 kwenye flashi na ujaribu kuzifungua kwenye kompyuta ya jirani. Rudia hivyo kila mwanzo wa mwezi, siku uleile unaolipa sentineli mshahara wake. Ikishindikana mahali popote, mwite fundi aliyekula pesa yako arudi kumaliza kazi, na umwombe sentineli wako akae pale wakati inajaribiwa. Naye ana haki ya kujua kwamba mashine inayomtazama usiku kucha inasema kweli.